Nikimkatalia mjomba mgonjwa nitakuwa nimetenda dhambi? Naombeni ushauri

Mwana wa Buhongwa: Wakuu, nina miaka 36, naishi Buhongwa, Mwanza, na binti yangu wa miaka 10. Mjomba wangu wa Ukerewe ana kansa, anakuja kupigwa mionzi hospitali ya Bugando, wiki sita. Ukoo umeamua afikie kwangu kwa kuwa mimi ndiye niliye mjini. Moyo unakataa. Nimelelewa Kikatoliki, rozari kila jioni, sikufundishwa kumfungia mgonjwa mlango. Silali. Nikikataa ni dhambi?

Furu wa Kirumba: Mgonjwa ni Kristo mwenyewe, dada. Soma Mathayo 25. Mimi nilimuuguza baba mkwe miaka miwili, tupo saba vyumba viwili Mabatini, na hakuwahi hata kuniita jina. Alipokaribia kufa alinishika mkono. Hutajuta.

Dagaa Mkavu: Wiki sita za sato wa bure? Huyo hata akipona hataondoka.

Nyakato77: Mleta mada, mtu hakosi usingizi kwa sababu ya chumba. Alikufanya nini?

Mwana wa Buhongwa: Nimeandika nikafuta mara tatu.
Alikuwa katekista. Ndiye aliyenifundisha Komunyo ya Kwanza, ndiye aliyeongoza rozari nyumbani. Tangu nina miaka 9 hadi 12, sala ikiisha aliniita stoo. Kwenye kitubio changu cha kwanza nilimwambia padri kuwa nimefanya mambo machafu. Nilikiri dhambi ya mjomba kama yangu, nikapewa Salamu Maria tatu, nikazisali kwa bidii sana. Nilipofika 15 nilimwambia mama. Akasema tusimvue nguo mtu wa kanisa, tena kaka yake.
Misa naenda, WAWATA ya wanawake Wakatoliki nipo. Niliona nikiacha kusali atakuwa amenichukulia na hilo.
Na niseme kweli, alishafika. Alishuka basi Nyamhongolo Jumapili.

Mzee wa Mwaloni: Pole mwanangu. Lakini Bwana alisema saba mara sabini. Huyo yuko njiani kwenda kwa Muumba, msamehe.

Nyakato77: Mzee wangu, shikamoo. Sura hiyohiyo, Mathayo 18, rudi aya ya 6, ya anayemkosesha mtoto na jiwe la kusagia shingoni. Hiyo mbona umeiruka?

Jicho la Bismarck: Chai hii. Mara anakuja, mara alishafika. Na Ukerewe ni kisiwa, basi limepita juu ya maji?

Mwana wa Buhongwa: Basi linapanda kivuko Rugezi, linashukia Kisorya, linapitia Bunda. Meli ya Nansio ingemtapisha. Niliandika "anakuja" kwa aibu, nilikuwa nimeshamfungulia. Lakini nalala na binti, nafunga kwa ufunguo, hawabaki wawili.

Nyakato77: Binti anatoka shule saa ngapi? Wewe kazini je?

Mwana wa Buhongwa: Yeye saa tisa na nusu. Mimi saa kumi na moja. Lakini mjomba hana nguvu, hata ndoo hainui.

Nyakato77: Kliniki jana alikwenda na nani?

Mwana wa Buhongwa: Mwenyewe. Kwa daladala.

Nyakato77: Dada yangu, sasa hivi ni saa nane. Nenda ukamsubiri mtoto getini. Mjomba ana watoto wake, waje. Bugando wana ofisa ustawi wa jamii, waulizeni wagonjwa wa mbali wanafikia wapi. Halafu kaa na binti umuulize taratibu. Akisema lolote, polisi kuna dawati la jinsia na watoto, na 116 ni bure kupiga.

Furu wa Kirumba: Dada, nisamehe kwa nilichoandika mwanzo. Baba mkwe alininyima jina tu.

Mwana wa Buhongwa: Nimeomba ruhusa, niko kwenye daladala. Nimempigia mama, nikamwambia mtoto wa mjomba aje amchukue leo. Analia. Sijakata simu, na nilichosema sijakibadilisha.