Kujijua ndotoni: kujiuliza mchana, kuamka alfajiri, au kuingia moja kwa moja?

Fundi_wa_Kadutu (Bukavu)
Jamboni wote. Mimi ni fundi cherehani. Kwa miezi miwili hivi nimekuwa natafuta ndoto ya kujitambua, ile unayoota huku unajua kabisa kwamba unaota. Nimejaribu njia tatu, kila moja wiki tatu. Matokeo nayaandika kwenye daftari la vipimo vya wateja. Juzi mke wangu alifungua akasoma "kiuno 78, nikaruka juu ya ziwa, mikono mifupi" akaniuliza kama niko mzima.

Kujiuliza mchana. Mara kumi kwa siku unasimama, unajiuliza: naota ao niko macho? Halafu unapima. Wanaofundisha wanapenda sana kipimo cha swichi, kwamba ndotoni ukibonyeza taa mara nyingi haiwaki. Mwingereza Keith Hearne aliliandika jambo hilo mwaka 1981. Basi usiku wa nne nikaota niko dukani, nikabonyeza swichi, giza tupu. Nikasema "wamekata tena", nikaenda kwa jirani kuomba mshumaa. Ndotoni! Nilizunguka na ule mshumaa mpaka asubuhi. Hapa kwetu taa isiyowaka haimuamshi mtu. Nikahamia kipimo cha pua: unaibana kwa vidole, unafunga mdomo, unajaribu kuvuta pumzi. Ikipita, unaota. Wiki tatu, nilifaulu mara moja.

Kuamka alfajiri, pamoja na njia inayoitwa MILD ya Stephen LaBerge, yule mtafiti Mmarekani wa chuo kikuu cha Stanford. Unalala kwa muda wa saa tano hivi, unaamka, unakumbuka ndoto uliyotoka kuota, unairudia kichwani ukijiona ndani yake ukigundua kwamba ni ndoto. Unarudi kulala ukisema "nikiota tena, nitakumbuka kwamba naota". Usingizi unakwenda kwa mizunguko ya dakika 90 hivi, na kipande cha ndoto kinazidi kurefuka kadiri kunavyokaribia kucha, ndiyo maana saa kumi ya alfajiri inafaa kuliko saa tano ya usiku. Alamu siweki, mtoto atalia. Adhana ya kule chini inanitosha, na mimi ni Mkatoliki. Hapa nimepata mara nne.

Ya tatu ni WILD: mwili unalala, akili inabaki macho, unaingia ndotoni bila kukatika. Mara sifuri, na jinamizi moja ambalo sitaki tena.

Swali langu: sisi tunaolala wanne chumba kimoja, mngechagua ipi?

Muganga_wa_Zamu (Goma)
Fundi, jinamizi ulilitafuta mwenyewe. Mimi ni muuguzi, nimelieleza kwa wagonjwa mara nyingi. Wakati wa ndoto ubongo unazima misuli karibu yote, ili usiruke kitandani kweli unaporuka ndotoni. Akili ikiamka kabla misuli haijafunguliwa, unajikuta umelala macho wazi, huwezi hata kuita, na mara nyingi unaona mtu chumbani. Mama yangu alikuwa anasema ni mchawi kakalia kifua. Kulala chali kunalialika, na kukosa usingizi pia. Likija usipigane nalo: pumua taratibu, jaribu kutikisa kidole kimoja cha mguu. Linapita.

Kwa hiyo WILD mimi naitoa kabisa, hasa kwa mtu wa zamu za usiku. Na hata kuamka alfajiri nisingefanya zaidi ya siku mbili kwa wiki. Ukishinda na cherehani huku unasinzia, sindano haijui kama ulikuwa unajifunza.

Mimi nilianza mambo haya kwa sababu nyingine. Baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka Mei 2021 niliota karibu mwaka mzima niko njia ya Sake, nimebeba beseni kichwani, nakumbuka sikufunga mlango, narudi, ufunguo unalegea mkononi kama mshumaa. Kilichonisaidia kilikuwa kazi ya mchana: naandika ile ndoto, nabadilisha mwisho (nafunga mlango, natia ufunguo mfukoni), naipitia kichwani dakika kumi kila siku. Usiku mmoja ufunguo ukalegea, nikasema "aa, ni wewe tena", nikaketi juu ya beseni. Mwenye ndoto mbaya aanzie hapo, hizo MILD na WILD zisubiri.

Polyt_Lshi (Lubumbashi)
Fundi, mara nne kwa siku 21 ni kama asilimia 19. Hujafanya vibaya! Denholm Aspy wa Australia alitoa utafiti mwaka 2017: waliounganisha kujiuliza mchana, kuamka na MILD walifaulu karibu asilimia 17 ndani ya wiki moja. Waliorudi kulala ndani ya dakika tano baada ya MILD walifika asilimia 46. Wewe ukirudi kitandani unachukua muda gani?

Fundi_wa_Kadutu
Nusu saa nzuri. Nalala nahesabu zipu za watu.

Polyt_Lshi
Basi shida yako ndiyo hiyo. Usikae macho muda mrefu, usiguse simu. Mimi natamka ile sentensi mara chache, ninageukia ukutani, nimelala.

Papa_Katuba (Lubumbashi)
Watoto wangu, nasoma nacheka. Nani alithibitisha kwamba mtu anajijua akiwa amelala? Si anaamka tu na kusema hivyo?

Muganga_wa_Zamu
Shikamoo Papa. Misuli inazimwa lakini macho hayazimwi. Mwaka 1975, kule Hull Uingereza, huyo Hearne alimfunga Alan Worsley nyaya za kupima usingizi. Walikuwa wamepatana kwamba akijijua ndotoni apeleke macho kushoto na kulia kwa mpangilio fulani. Mashine ilionyesha bado amelala, na macho yakaenda vile vile walivyopatana.

Papa_Katuba
Sawa mwanangu, hapo nimeshindwa. Lakini mdogo wangu marehemu huja mara moja moja, tunakaa Kamalondo kama zamani, tunakula bukari na samaki, ananidai pesa za baiskeli. Nikijua naota, nitamwangalia vipi?

Fundi_wa_Kadutu
Papa, hilo sina jibu. Mara yangu ya tatu nilimkuta baba, nikajua palepale. Nilitaka kumuuliza mambo mengi, akanipa mkasi, akasema pindo limepinda. Nikatengeneza pindo.

Nimeamua: MILD Jumamosi na Jumapili tu, pua mchana, na daftari jipya. Lile la wateja mke amelificha.