Masi ya moli ya gesi ya kiberiti inanitokea 4.6. Nimekosea wapi?

Mpenda_Moli: Wakuu, habari zenu. Naombeni msaada, hesabu hii imeninyima usingizi. Tumepewa kazi ya kutafuta masi ya moli, yaani gramu za moli moja, ya gesi ya kiberiti cha gesi. Nilijaza maji silinda ya kupimia, nikaipindua ndani ya beseni la maji, nikakishika kiberiti chini ya mdomo wake na kubonyeza taratibu. Viputo vikapanda mpaka gesi ikafika alama ya mililita 100.

Kiberiti kabla: gramu 17.42. Baada: 17.19. Kwa hiyo gesi ni gramu 0.23. Maji yalikuwa nyuzi 24, shinikizo la hewa milimita 755 za zebaki, sawa na 0.993 atm. Kwenye kanuni ya gesi PV = nRT (P shinikizo, V ujazo, n idadi ya moli, R namba isiyobadilika, T jotoridi) nimeandika n kama m/M, yaani gramu za gesi kugawa kwa masi ya moli, nikapata M = mRT/PV. R nimetumia 0.0821, ujazo lita 0.1. Jibu ni gramu 4.6 kwa moli, na butani, gesi yenyewe ya kiberiti, inatakiwa iwe 58! Nimerudia mara nne, jibu ni lile lile. Au kiberiti kinavuja?

Nyuzi273: Kiberiti hakina kosa, mkuu. Litazame jibu lenyewe kwanza. Gesi nyepesi kuliko 4.6 ni haidrojeni yenye 2 na heliamu yenye 4, basi. Heliamu haiungui, na haidrojeni haikai kimiminika ndani ya kiberiti. Hapo tu ungeshtuka. Kwenye T umeweka 24, wakati kanuni hii inataka Kelvini. Jumlisha 273, weka 297.

Mpenda_Moli: Asante sana mkuu! Sasa inakuja 56.5. Niiandike hivyo hivyo?

Bi_Maabara: Usiandike bado, mwanangu. Gesi iliyokusanywa juu ya maji haikai peke yake, imechanganyika na mvuke wa maji, na mvuke nao unasukuma. Ile 755 ni ya wote wawili. Kwa nyuzi 24 mvuke una milimita 22.4, butani inabaki na 732.6, yaani 0.964 atm. Hiyo ndiyo P yako. Na uliposoma ile 100, maji ya ndani ya silinda na ya beseni yalikuwa usawa mmoja? Ya ndani yakiwa juu kwa sentimita 13.6, gesi ina milimita 10 pungufu ya hewa ya nje.

Mpenda_Moli: Yalikuwa sawa, niliishusha silinda mpaka yakalingana. Nimepata 58.2!! Shikamoo mama, ubarikiwe sana.

Mzee_wa_Mizani: Hongera kijana, ila usifunge daftari. Mizani yako inasoma hadi gramu 0.01. Juu ya 0.23 hiyo ni zaidi ya asilimia 4, karibu 2.5 kwenye jibu lako. Maana yake mizani hiyo haiwezi kutofautisha 56.5 na 58.2. Mvuke tunautoa kwa sababu umo ndani ya silinda. Hata kama jibu lingesogea mbali na 58, bado ungeutoa.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kiberiti chenyewe. Kilizama majini, ulikikaushaje? Tone moja la maji lina kama gramu 0.05. Likibaki tone kwenye tundu la gesi, kupungua halisi ni 0.28 na M inaruka hadi 71.

Mpenda_Moli: Nilikifuta kwa karatasi laini tu, nikapima hapo hapo. Sasa nimeogopa.

Mzee_wa_Mizani: Usiogope, dawa ipo. Kizamishe majini kabla ya kipimo cha kwanza, kifute, kipime. Ukimaliza kukusanya gesi, kifute vile vile, kipime tena. Maji yanayonasa yatakuwa takriban sawa mara zote mbili, na kwenye kutoa yanajifuta. Kusanya mililita 250 ukipata silinda kubwa, urudie mara tatu.

Nyuzi273: Nyongeza: viberiti vingi vina butani iliyochanganywa na isobutani, na wakati mwingine propani. Isobutani ina 58 ile ile, propani ina 44. Ukipima vizuri ukapata 56, usiisukume hesabu ifike 58.

Mpenda_Moli: Nimewaelewa wakuu. Silinda ya 250 ipo, kesho asubuhi naanza kwa kukizamisha. Nitaweka vipimo vyote vitatu hapa hapa, hata vikipishana.