Mrejesho: sauti yangu haizami tena kwenye biti

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini sauti niliyorekodi chumbani inazama kwenye beti kisha inapaa kwenye kiitikio, wakati kompresa (zana inayobana sauti kubwa ili zikaribiane na ndogo) nimeweka. Mkanijibu nisawazishe viwango kwanza, na tatizo lilikuwa hapo hapo.

Nilipita mstari kwa mstari, nikishusha geini (kiwango cha sauti) ya maneno yaliyopaa na kupandisha yaliyofifia. Saa 2 nzima, inachosha kweli. Ndipo nikarudi kwenye kompresa: uwiano wa kubana 3:1, ataki (muda wa kuanza kubana) milisekunde 15, kizingiti (kiwango ambacho sauti ikikivuka inabanwa) nikakishusha mpaka ipunguze desibeli 3 hadi 5 kwenye maneno makali tu. Mwanzo ilikuwa inapunguza 12, maneno yanabanwa mno! Ndiyo maana pumzi zilisikika karibu sawa na maneno.

Kilichonifungua masikio zaidi ni kulinganisha sauti yenye kompresa na isiyo nayo kwa ukubwa uleule. Ukiongeza geini ya kutokea (ya sauti inayotoka kwenye kompresa), sikio linadhani imependeza, kumbe imekuwa kubwa tu. Nikasawazisha ukubwa, nikawasha na kuzima kompresa. Silabi ya mwisho ya beti, iliyokuwa inamezwa na besi, sasa naisikia hata kwenye spika ya simu.

Herufi "s" bado zinachoma kidogo, nazishughulikia. Asanteni sana, mmenisaidia mno.