Ua wa mpakani ni wetu sote, kwa nini kazi iwe ya mtu mmoja?

Ndugu wanajukwaa,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Majirani wengi wamejizoesha tabia moja mpaka sasa wanaiona halali: ua wa michongoma uliopandwa juu ya mpaka, kwa kauli moja ya pande zote, huwa mali ya kila mtu inapohitajika faragha na usalama, lakini siku ya kuukata huwa mali ya yule mmoja anayeona haya kuuacha ugeuke msitu.

Ua wetu ulipandwa katikati kabisa, na vigingi vya mpaka vimo ndani ya mstari wa miche. Wakati ule hakuna aliyebisha. Tulikubaliana kwamba kila mmoja atapogoa upande wake, na kwamba sehemu ya juu itakatwa kwa zamu. Leo hii jirani wa ubavuni hajagusa upande wake tangu miche ilipomfika kifuani, na jirani wa nyuma hukaa kimya muda mrefu, kisha siku moja akaamka na panga na kukatakata kila kilichokuwa mbele yake.

Nianze na huyu wa ubavuni, kwa sababu kosa lake linaonekana dogo ilhali ndilo linaloua ua. Mchongoma usiopogolewa hukimbilia juu kufuata mwanga. Juu hufunga, chini hukosa jua, na matawi ya chini hupukutisha majani na kukauka. Ukichuchumaa sasa hivi upande wake utaona mashina matupu ya kijivu kuanzia ardhini hadi usawa wa goti, miiba mirefu iliyokauka ikiwa imening'inia bila jani hata moja, na mapengo ambayo mbwa anapita bila kuinamisha kichwa. Juu yake kuna mzigo wa matawi mabichi ambao kila mvua ikinyesha hulowa, ukazidi kuwa mzito na kuulaza ua mzima upande wangu. Kwa maneno mengine, ua uliotakiwa kuzuia umebaki wazi pale pale panapopitwa, na umeziba pale ambapo hakuna anayepita.

Yeye hujitetea kwamba kila mtu ana upande wake na upande wake haumsumbui. Hoja hiyo siikubali hata kidogo. Ua ni mstari mmoja wa mimea, kila mche una shina moja na mizizi ile ile kwa pande zote mbili, na umbo lake ni moja: unatakiwa uwe mpana kidogo chini kuliko juu ili jua lifike hadi kwenye shina. Nikichonga upande wangu vizuri namna gani, upande wake ukiachwa ujifie, mapengo yatakayofunguka chini ni yetu sote, na mwizi hataulizia ni nani alizembea.

Halafu sikilizeni linalonikera kuliko yote. Nilipopanda ngazi nikapunguza kimo, jirani huyo huyo alikuja kulalamika kwamba nimemwondolea faragha na kwamba nilipaswa kumuuliza kwanza. Kuulizwa ni haki yake, nakubali. Lakini haki hiyo inatoka kwenye umiliki ule ule unaomdai ashike mkasi, akusanye matawi au angalau achangie malipo ya kibarua. Matawi ya mchongoma si majani ya kufagia na kusahau. Miiba yake hupenya soli ya kandambili, huchoma hata kupitia glavu za kawaida, na usipookota kila kipande kitamsubiri mtoto anayepita pekupeku. Kazi hiyo yote niliifanya huku akinitazama kutoka barazani kwake.

Jirani wa nyuma ana kosa la aina nyingine. Yeye anadai kwamba tawi likivuka mpaka ana ruhusa ya kulifanya apendavyo, na hulitamka neno "sheria" kana kwamba amelisoma mahali. Basi tuitazame sheria. Uingereza, ambako haki ya kukata tawi lililovuka mpaka inatambuliwa tangu zamani, haki hiyo inaishia kwenye mstari wa mpaka, na tawi lililokatwa hubaki mali ya mwenye mti. Ufaransa ni kali zaidi: kwa kifungu cha 673 cha Sheria ya Madai, jirani anaweza kumlazimisha mwenye mti akate matawi, lakini anachoruhusiwa kukata mwenyewe ni mizizi, miiba na vitawi vidogo, tena hadi mpakani tu. Na hapo tunazungumzia mti wa mtu mwingine. Mti wa ubia haumpi mbia mmoja kibali cha kuingiza panga hadi kwenye shina, akavuka katikati na kuacha upande mmoja ukiwa vijiti vitupu. Tuna bahati kwamba mchongoma huchipua tena. Ungekuwa ua wa misaiprasi, pengo lile lisingeziba kamwe, kwa kuwa msaiprasi ukikatwa hadi kwenye sehemu ya tawi isiyo na majani hauchipui.

Najua watakuja watu kusema kwamba jambo hili ni dogo mno kuletwa hapa. Uingereza iliweka sehemu nzima kuhusu nyua ndefu katika sheria yake ya mwaka 2003, inayogusa nyua za miti isiyopukutisha majani zenye kimo cha zaidi ya mita 2 zinazomzibia jirani mwanga, na inamtaka mlalamikaji awe amejaribu kwanza kusuluhishana na jirani kabla ya kwenda serikalini. Bunge halihangaiki hivyo kwa jambo ambalo haligombanishi watu. Wengine watanishauri niung'oe nijenge ukuta. Kwa nini mali ya watu watatu ing'olewe kwa sababu wawili wamekataa kuitunza?

Ninachokitaka kimeandikwa kwa ufasaha katika kifungu cha 667 cha sheria hiyo hiyo ya Ufaransa: uzio wa ubia hutunzwa kwa gharama za pamoja, lakini jirani anaweza kujitoa kwenye wajibu huo kwa kuachia sehemu yake ya umiliki. Sina ugomvi na mtu aliyechoka, mgonjwa au asiye na nafasi, na sitaki kumburuta mtu yeyote kwenye ngazi. Nasema tu kwamba anayeukataa mzigo aandike na kutia saini kwamba ameachia ua, aniruhusu kuingia kwake kwa taarifa ili niukate upande ule, na asinifuate tena kuhusu kimo. Anayetaka kuendelea kuwa mwenye ua naye atoe nguvu au fedha kwa sehemu sawa, na asiukate kupita nusu yake bila kutuambia.

Nimewapelekea wote wawili karatasi yenye mambo hayo: kimo tutakachokishika, nani anakata juu na baada ya nani, matawi yanatupwa wapi na kwa gharama ya nani, na nini kifanyike mmoja akiuza kiwanja chake. Jirani wa nyuma ameipokea na kusema ataifikiria. Wa ubavuni ameniambia kwamba baina ya majirani hakuna kuandikishana. Waliowahi kuandikishana kuhusu ua wa ubia, tafadhali nielezeni mliweka kipengele gani kwa mbia anayekataa kutunza na pia anakataa kujitoa, kwa sababu hapo ndipo nilipokwama, na msimu wa kukata umefika.