Mnaowauzia wagonjwa wa sukari unga wa "seli shina" hapa Dodoma, uzi huu ni wenu

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira na sina mpango wa kuificha, mnivumilie.

Kuna watu hapa mjini wanazunguka na maboksi ya unga wa kuweka chini ya ulimi wanaouita tiba ya seli shina (seli shina ni seli changa zinazoweza kuzalisha seli za aina nyingine). Wapo Majengo, wapo Nkuhungu, wapo Chang'ombe. Wanaingia kwenye vikoba vya akina mama, wanakodi kumbi, wanapewa hadi kipaza sauti kanisani baada ya ibada. Boksi ni lilelile kwa sukari, presha, figo, kiharusi, sikoseli, tezi dume na ugumba. Moja linauzwa zaidi ya laki mbili, na ukishalipa la kwanza ndipo unaambiwa dozi haijakamilika mpaka ufikishe manne. Muuzaji anavaa koti jeupe na anaitwa Dokta. Ukimuuliza kasomea wapi udaktari, anakujibu kapata mafunzo ya kampuni.

Mwaka 2011 nchi nzima ilipanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya miti cha shilingi 500, na wapo walioacha dawa zao za hospitali wakaamini wamepona. Nilidhani tulijifunza. Kumbe safari hii wamekuja na laputopu, na bei imepanda.

Binti wa dada yangu ana kisukari aina ya kwanza. Kwa wasiojua: hii siyo sukari ya watu wazima inayokuja na unene na umri. Kinga ya mwili wake mwenyewe imeziua seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Hana insulini. Anayoishi nayo ni ile anayojichoma, na aliizoea tangu yuko shule ya msingi. Anajipima mwenyewe, anajichoma mwenyewe, yuko kidato cha pili na anafanya vizuri darasani. Dada ni mama ntilie, shemeji analima alizeti upande wa Kongwa. Siyo watu wa hela za kuchezea.

Huyo Dokta alimpata dada kupitia kikoba. Akaja na mashine yake.

Naomba niieleze hiyo mashine maana ndiyo inayonasa watu. Ni kiboksi kidogo kinachochomekwa kwenye laputopu, kina waya na mwisho wa waya kuna kichuma cha duara kinachoenea kiganjani. Unakishika dakika moja hivi. Kwenye skrini zinapita picha za moyo, ini, mifupa, zinawaka rangi nyekundu na kijani. Kisha printa inatoa makaratasi ya mwili mzima: ubongo, macho, figo, uzazi, madini, sumu. Hakuna tone la damu lililochukuliwa, hakuna mkojo, hakuna lolote. Siku hiyo walimpima binti, wakampima na mama yake. Karatasi za dada ninazo hapa mezani. Dada alitolewa kizazi baada ya kujifungua mtoto wake wa mwisho, kovu analo na cheti cha hospitali anacho. Karatasi ya mashine inasema kizazi chake kina uvimbe unaoanza na anashauriwa maboksi mawili.

Kizazi ambacho hakipo, jamani! Na mtu amekaa kwenye kochi la dada, anakunywa chai ya dada, anamsomea hayo bila kupepesa macho.

Binti naye karatasi ilisema kongosho "limelala", linahitaji kuamshwa. Akaelezwa kwamba insulini ndiyo inayolifanya kongosho liwe vivu, kwa hiyo apunguze sindano taratibu mpaka aache, unga utafanya kazi iliyobaki. Hela ya magunia ya alizeti ikaenda. Sindano zikaachwa.

Kilichofuata, daktari yeyote angekisema kabla. Kiu isiyoisha, kukojoa usiku kucha, kisha kutapika. Dada akampigia Dokta, akajibiwa kwa ujumbe wa sauti: "Hiyo ni sumu inatoka mama, usiogope, ongeza dozi." Nilipofika pale nyumbani mtoto alikuwa anahema kwa nguvu kama aliyekimbizwa, na pumzi yake ina harufu ya matunda yaliyochacha. Mwili usipopata insulini hauwezi kutumia sukari, unaanza kuchoma mafuta, na mafuta hayo yanatoa tindikali zinazojaa kwenye damu. Hiyo harufu ndiyo dalili yake. Bajaji ilitufikisha hospitali, kipimo cha sukari kikagoma hata kutoa namba kwa jinsi ilivyopanda. Akawekewa dripu na insulini. Yu hai. Manesi waliokuwa zamu usiku ule, Mungu awabariki.

Sasa nataka tuongee kuhusu hiki wanachokiuza, kwa sababu kinachonichoma zaidi ni kwamba wameng'ang'ania jina la tiba ya kweli.

Nimesoma lebo neno kwa neno. Kilichomo ni dondoo la seli za tufaha na zabibu, vitamini kidogo na sukari ya kuleta ladha. Ndiyo, mgonjwa wa sukari kauziwa sukari. Dondoo za seli za tufaha zilianza kupata umaarufu kwenye krimu za uso huko Uswisi. Seli shina ya mmea kazi yake ni kukuza mmea: jani, shina, mzizi. Haigeuki kuwa kongosho la mtu hata uilambe miaka kumi. Ikifika tumboni inasagwa kama chakula kingine. Na sisi ni watu wa Dodoma! Zabibu zinalimwa Hombolo, zinalimwa Mpunguzi, zinalimwa Makutupora. Wakulima wa kule wanaugua sukari kama watu wengine na wanapanga foleni kliniki kama wengine.

Seli shina za kweli zinatibu, na zinatibu hapahapa. Hospitali ya Benjamin Mkapa ilianza mwaka 2023 kupandikiza uloto kwa watoto wenye sikoseli. Uloto, ule ute wa ndani ya mifupa, ndio unaotengeneza damu, na ndani yake kuna seli shina zinazozalisha chembe zote za damu. Mtoto anapewa dawa kali za kuua uloto wake wenye kasoro, kisha anawekewa seli za ndugu yake anayelingana naye aina ya tishu. Anakaa chumba maalumu akilindwa na maambukizi, kwa sababu kwa muda hana kinga. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi 1 kati ya 4 tu ya kulingana na mgonjwa. Kwa hiyo wapo watoto wengi wenye ndugu watano na bado hawapati wa kulingana nao. Ni kazi nzito, ya hatari, inayofanywa na watu waliosomea miaka mingi. Halafu mtu anachukua picha ya habari hiyo, anaibandika kwenye grupu la WhatsApp, na chini yake anaweka picha ya boksi lake na namba ya kutuma pesa!

Tena wanaisema vibaya hospitali hiyohiyo wanayojificha nyuma yake. Dada aliambiwa asipeleke mtoto "kwenye seli shina za hospitali" kwa sababu zinatoka kwenye mimba zilizotolewa, ila zao ni za mimea kwa hiyo hazina dhambi. Wanajua wanaongea na mama wa kanisani. Huo ni uongo wa kutosha kumfikisha mtu polisi. Seli za uloto zinatoka kwa ndugu aliye hai, aliyekubali, na baada ya kutoa anarudi nyumbani kwake na uloto wake unajijaza tena.

Mjadala wa kupata seli shina kwenye viinitete, yaani mimba changa kabisa za siku chache, upo na ni wa kweli, sitaki kuudharau. Mwaka 1998 James Thomson na wenzake Marekani walifanikiwa kukuza seli shina za binadamu kutoka kwenye viinitete vya siku chache vilivyotolewa na wanandoa waliokuwa wakitibiwa ugumba. Watu wa dini walipinga, na mwaka 2001 Rais Bush akabana fedha za serikali kwa utafiti huo. Wenye imani wana haki ya kuuliza kiinitete ni nini mbele za Mungu, na mimi mwenyewe swali hilo nalichukulia kwa uzito. Lakini mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Japani alichukua seli za kawaida za ngozi ya panya akazirudisha kuwa seli shina bila kutumia kiinitete, mwaka uliofuata akafanya hivyo kwa seli za binadamu, na mwaka 2012 akapata Nobel. Kwa hiyo kumtisha mama wa Nkuhungu kwa mimba zilizotolewa ili anunue unga wa tufaha ni kuichezea imani yake.

Wengine watakuja hapa na habari ya mwaka 2025. Naijua. Watu 12 wenye kisukari aina ya kwanza walipewa dozi kamili ya seli za kutengeneza insulini zilizokuzwa maabara kutoka kwenye seli shina, na baada ya mwaka 10 kati yao hawakuhitaji tena sindano ya insulini. Niliposoma nililia, nikimfikiria mtoto wetu. Lakini someni mpaka mwisho. Seli zile ziliingizwa kwenye mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ini, na wagonjwa wanalazimika kuendelea kutumia dawa za kushusha kinga ya mwili ili zisikataliwe. Ni utafiti, wa watu wachache, chini ya uangalizi wa karibu. Hakuna mahali popote kwenye utafiti ule mtu alilamba kitu.

Najua pia mtakaosema "mbona mama yangu alitumia na sukari ikashuka". Nawaamini kwamba ilishuka. Angalieni ile karatasi ya masharti inayokuja na boksi: acha soda, acha wali mweupe, punguza ugali, tembea nusu saa kila siku, kula mboga. Mwenye kisukari aina ya pili akifuata hayo sukari itashuka hata asiponunua boksi. Nesi wa kliniki ya sukari humwambia hivyohivyo bure. Sifa wanachukua wenye boksi. Aina ya kwanza haina nafasi hiyo, kwa sababu hata ukila mboga tupu insulini haipo.

Na msiniambie "angalau haina madhara". Madhara ni dawa iliyoachwa. Huko nje kuna kliniki binafsi zinazochoma seli za mgonjwa mwenyewe bila utaratibu, na mwaka 2017 iliripotiwa kwamba wanawake 3 walipofuka baada ya kliniki moja ya Florida kuwachoma machoni seli zilizotolewa kwenye mafuta ya miili yao. Walilipa kila mmoja dola 5,000. Hizo zilikuwa seli hai za binadamu, kwenye nchi yenye mamlaka kubwa ya dawa. Sisi tunaruhusu mtu mwenye koti la kununua sokoni amwambie mtoto aache insulini.

Sasa wahusika mnisikie. Kwenye boksi wameandika virutubisho, hawajaandika neno "tiba" popote. Tiba yote ipo mdomoni, kwenye sauti za WhatsApp na kwenye shuhuda za ukumbini. Tangu 2019 mambo ya chakula yapo Shirika la Viwango (TBS), na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) ndio wana dawa na vifaa tiba. Hawa wanaingia na mlango wa chakula, wakishafika sebuleni wanauza dawa. Msisome lebo peke yake, sikilizeni wanachosema. Na ile mashine ya kushika kichuma inadai kupima ugonjwa. Kinachodai kupima ugonjwa wa binadamu ni kifaa tiba, TMDA, na makao makuu yenu yapo hapahapa Dodoma. Nendeni kwenye kumbi zao, hawajifichi, wanabandika matangazo kwenye nguzo za umeme.

Wachungaji na viongozi wa vikoba, nanyi mnahusika. Mkishampa mtu kipaza sauti, waumini wanaamini mmemchunguza. Na baadhi yenu mnajua kabisa kwamba mnapata pointi kwa kila mtu anayejiunga chini yenu.

Kwa wenye wagonjwa: mtoto mwenye kisukari aina ya kwanza haachi insulini hata siku moja, hata akiwa hajala, hata akiwa anatapika. Mkiona kutapika, kuhema kwa nguvu na harufu ya matunda, ni hospitali usiku huohuo, msimpigie mtu yeyote wa boksi. Wenye watoto wa sikoseli, dawa yao ya haidroksiyurea na kliniki msiache, na kama mnataka kujua habari ya uloto nendeni Benjamin Mkapa mkaulize wenyewe.

Mlioko Singida, Manyoni, Kondoa, Mpwapwa, kama wamefika kwenu andikeni hapa wanatumia maneno gani na wanakusanyika wapi. Msiweke majina ya wagonjwa. Risiti, makaratasi ya mashine na sauti za WhatsApp msifute, nakusanya nipeleke kwa maandishi.

Na wewe uliyemuuzia dada, najua unasoma maana jana umemtumia tena ujumbe unadai salio la boksi la pili. Hupati hata senti. Rudisha hela ya alizeti, kwa namba ileile uliyopokelea. Sauti yako ninayo, na nimeshaiweka kwenye simu tatu.