Guta la umeme Arusha: betri za risasi zenye karboni au lithiamu?

Mzigo_Kilombero: Wakuu habari zenu. Nabadilisha betri za guta langu la umeme la tairi tatu, ni 60V yani betri tano za 12V 45Ah (ampea-saa, ndo ujazo wa betri), nabeba mizigo ya sokoni Kilombero kwenda Sakina, siku nyingine Ilboru. Nimewekewa mezani jeli za kawaida (nazo ni za risasi), risasi zenye karboni, na lithiamu. Bei ya lithiamu imenishtua kwa kweli. Mwenye uzoefu anijuze.

Fundi_Sakina: Lithiamu mkuu. Risasi inabeba kama wati-saa 30 hadi 40 kwa kilo, hizo tano zako zinakaribia kilo 80 wakati lithiamu ya uwezo huohuo haizidi sana 30, hiyo tofauti ungeweka mzigo wa mteja ukalipwa.

Mangi_Pasua: Fundi nakuheshimu ila risasi ya leo siyo ile ya zamani. Kinachoziua ni kukaa bila chaji, sulfeti inaganda kwenye pleti hasi ndo unaona betri inajaa chap na kuisha chap, sasa karboni inapunguza huo mgando na betri inapokea chaji haraka. CSIRO, taasisi ya utafiti ya Australia, walitengeneza UltraBattery, risasi na supakapasita ya karboni (inayopokea na kutoa chaji chap) ndani ya boksi moja, ikafungwa kwenye gari la Honda Insight ikapita kilomita 160,000.

Fundi_Sakina: Honda Insight ni haibridi Mangi, ina injini ya petroli na mota ya umeme! Pale betri inatoa kidogo inarudishiwa kidogo, guta linanyonya asubuhi mpaka jioni. GM nao gari lao la umeme EV1 la 1996 walianza na risasi, 1999 wakaleta betri za nikeli. Halafu kupanda Ilboru na mzigo, umeme unavutwa mwingi kwa mara moja, risasi hapo haikupi zile Ah zilizoandikwa ubavuni.

Dada_Majengo: Kaka kwa siku unatembea km ngapi, na mchana unapata umeme?

Mzigo_Kilombero: Hazifiki 25 dada, na ninapopaki kuna soketi.

Dada_Majengo: Basi karboni inakutosha, na zikichoka chakavu inauzika. Ila usizipasulie nyumbani jamani, risasi inaharibu ubongo wa watoto.

Fundi_Sakina: Kwa hizo km 25 nakubali, jeli ndo usiguse. Nunua zote tano za toleo moja usichanganye na za zamani, mchana chomeka hata saa moja, na guta likiwa limetulia ukisoma kama 61V ujue chaji imebaki nusu, usishuke chini ya hapo. Ukianza kupanda Ilboru kila siku rudi tuongelee lithiamu, na hiyo ina chaja yake.