Mathenge umevamia shamba nililonunua, nianzie wapi?

MgeniShambani:
Wadau, nimenunua shamba sehemu kame. Aliyeniuzia alikuwa haishi hapo, na upande wa chini umefungwa na mathenge, ule mti vamizi wa miiba (Prosopis), hupiti hata ukiinama. Kabla ya kuniuzia aliukata kwa panga. Sasa kila kisiki kimetoa machipukizi tele. Miiba inatoboa tairi. Jirani mmoja anasema nichome moto, mwingine anataka kuleta mbuzi wake "wasafishe". Nimsikilize nani?

MzeeMalisho:
Hata mmoja usimsikilize. Moto unaua miche, lakini mti mkubwa unaungua juu tu kisha unachipua. Na mbuzi hawasafishi, wanapanda! Maganda ya mbegu za mathenge ni matamu, wanayafakamia, ila mbegu ni ngumu, nyingi zinapita tumboni zikiwa nzima na kuanguka pamoja na samadi yao. Zunguka lilipokuwa zizi na kando ya mkondo wa maji, utakuta ndiko miche imejazana. Funga hiyo njia kwanza, mengine yafuate.

Mathenge unachipukia sehemu ya shina iliyo chini kidogo ya udongo. Ukikata juu ya hapo umeupogoa tu. Chimba kuzunguka shina kwa sururu, kata mizizi kama sentimita 30 chini, toa kisiki kizima. Mzizi mkuu achana nao, unazama mita nyingi na hutaufikia mwisho. Miche ing'oe kwa mkono mvua ikishanyesha, udongo ukiwa laini. Vaa glavu nene na viatu vya soli ngumu, ule mwiba hauna mzaha.

Anzia pembezoni palipo na miti michache, ukielekea penye msitu. Na usifyeke zaidi ya unachoweza kupanda nyasi msimu huohuo. Mbegu zimelala udongoni, zinangoja jua tu.

MamaMakaa:
Mbao usichome ovyo ndugu yangu, mathenge una makaa mazito yanayokaa na moto. Ulizia kibali kwanza. Maganda yaokote kabla mifugo haijayafikia, uyasage mpaka mbegu zivunjike, uchanganye na lishe nyingine. Usiwape matupu kila siku: huko Baringo, Kenya, mbuzi waling'oka meno kwa ile sukari, na mwaka 2006 mbuzi mmoja alifikishwa mahakamani kama ushahidi wa wananchi walioishtaki serikali.

MgeniShambani:
Asanteni sana. Na dawa je? Kuna visiki vinene, sururu haitoshi.

MzeeMalisho:
Kwa visiki hivyo, sawa. Kuna dawa za triklopiri, za kuua miti na magugu, zinazochanganywa na dizeli. Unapaka kisiki pale pale kinapokatwa, kuzunguka gome lote. Ukingoja, kidonda kinakauka na dawa haiingii. Kupulizia majani ya mti mrefu ni kumwaga pesa. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, na kaa mbali na kisima. Halafu rudi kila baada ya mvua, kitakachochipua kipake tena.

MgeniShambani:
Basi naanza na uzio upande wa jirani wa mbuzi. Ameshanuna.

MamaMakaa:
Mpe debe la maganda yaliyosagwa, ataacha kununa.